Belai Mla Watu na kiganja cha maji: picha ya kifo katika makanisa ya Ziwa Tana

Belai Mla Watu ni mtu wa hekaya aliyechorwa kwenye kuta za makanisa mengi ya Kiorthodoksi nchini Ethiopia, hasa makanisa ya mviringo yaliyo kando ya Ziwa Tana na kwenye visiwa vyake. Katika picha moja anaonekana akitafuna kiungo cha binadamu. Hatua chache kando, kwenye ukuta uleule, anamnywesha maji mwombaji mwenye vidonda. Mwisho amekwisha kufa, na roho yake inapimwa kwenye mizani mbele ya malaika, mashetani na Bikira Maria. Hekaya yenyewe ni ya kale kuliko kuta hizo, lakini picha nyingi zinazoonekana leo katika makanisa hayo ni za karne ya 18 na ya 19, na baadhi ni za mwanzo wa karne ya 20. Katika sanaa yote ya Afrika Mashariki, ni vigumu kupata picha inayouliza swali la kifo waziwazi kuliko hii: mtu akishakufa, ni kitu gani alichokifanya kitakachohesabiwa?

Kwa masimulizi ya Kiethiopia, Belai alikuwa mtu wa mji wa Qemer, mcha Mungu na mkarimu, aliyependa kukaribisha wageni. Shetani hakuupenda wema huo. Akamjia kwa sura ya wageni watatu, kama wale waliomtembelea Ibrahimu hemani kwake, akajifanya ni Utatu Mtakatifu. Mwenyeji akataka kuwaandalia karamu. Wageni wakakataa kila alichowapa, wakasema wanataka mwanawe. Belai akatii kama Ibrahimu alivyotii, ila safari hii hapakutokea kondoo wa kumwokoa mtoto. Nyama ilipoiva, wageni wakamwambia mwenyeji aonje kwanza. Alipoonja, hamu ya nyama ya binadamu ikamwingia na haikumtoka tena. Yapo masimulizi mengine yasiyowataja wageni hao, yanayoanza moja kwa moja na ulaji wa watu. Wachoraji wengi, hata hivyo, wamewapenda wageni, na sababu inaeleweka: wanamwonyesha mtazamaji kwamba mwovu huyu hakuzaliwa mwovu, na kwamba mlango alioingilia Shetani ulikuwa mlango wa wema wake mwenyewe.

Baada ya hapo Belai akawala watu wa nyumbani kwake, mkewe akiwa miongoni mwao, kisha akatoka kutafuta wengine. Hesabu inayotajwa ni watu 78. Alitembea na silaha zake pamoja na chombo cha maji. Siku moja akamkuta mwombaji aliyejaa vidonda, anayekufa kwa kiu. Mwombaji akaomba maji kwa jina la Mungu, Belai akamkatalia. Akaomba kwa majina ya watakatifu, akamkatalia tena. Akaomba kwa jina la Maria. Hapo Belai akasimama, kwa kuwa jina hilo alikuwa amelisikia tangu utotoni, akiambiwa kwamba humwokoa anayelitaja. Akamimina maji kidogo kwenye kiganja cha mwombaji. Yalikuwa machache mno, ya kulowesha koo tu, wala kiu haikuisha.

Belai akafa. Mashetani wakaja kuichukua roho yake, na kwa haki walistahili kuipata. Maria akamwendea Mwanawe akamkumbusha ahadi aliyompa, kwamba atakayetenda jema kwa jina lake hatapotea. Ikaamriwa mizani iletwe. Watu 78 wakawekwa kwenye kitanga kimoja, maji yale machache kwenye kingine. Kitanga cha wafu kikashuka. Kisha kivuli cha Maria kikaangukia upande wa maji, mizani ikageuka, na Belai akaokoka.

Hekaya hii imo katika kitabu kiitwacho Te'amire Maryam, yaani Miujiza ya Maria, kilichotafsiriwa kutoka Kiarabu kwenda Kige'ez, lugha ya ibada ya kanisa la Ethiopia, wakati wa utawala wa Mfalme Dawit wa Kwanza, mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa ya 15. Mwanawe Zara Yaqob, aliyetawala kuanzia 1434 hadi 1468, ndiye aliyekiingiza kitabu hicho katika maisha ya kila muumini. Aliweka sikukuu za Maria zaidi ya 30 kwa mwaka na kuamuru miujiza hiyo isomwe kanisani. Kwa hiyo mkulima aliyesimama mbele ya picha ya Belai katika karne ya 19 hakuhitaji maandishi chini yake. Kisa alikuwa amekisikia mara nyingi tangu abebwe mgongoni na mama yake, na picha ilimsaidia kukishika.

Kanisa linaloonyesha vizuri mazingira ya picha za namna hii ni Ura Kidane Mehret, kwenye rasi ya Zege, upande wa kusini wa Ziwa Tana. Kutoka mji wa Bahir Dar ni mwendo wa kama saa moja kwa boti. Zege imefunikwa na msitu wa kahawa, na wenyeji husimulia kwamba kahawa hiyo ilianza na Mtakatifu Betre Maryam, mwanzilishi wa utawa wa pale katika karne ya 14: vipande vitatu vya fimbo yake vilivyopandwa ardhini vikaota kahawa, limau, na gesho, mmea unaotiwa kwenye pombe ya kienyeji. Mtu aliyezoea njia za Ilboru, Sekei au Akeri, zinazopita kati ya mibuni na migomba kwenye miteremko ya Mlima Meru, hatajiona mgeni kwenye kijia kinachopanda kutoka gatini kwenda kanisani. Jina la kanisa linahusu Agano la Rehema, yaani ile ahadi aliyopewa Maria. Kisa cha Belai ndicho mfano wake mkubwa kuliko yote, kwa sababu kinalijaribu agano hilo kwa mtu aliyekuwa mwovu kupita kiasi.

Makanisa ya mviringo ya Ethiopia yana sehemu tatu, moja ndani ya nyingine. Sehemu ya nje ni ya waimbaji na madebtera, wale wasomi wa kanisa wanaocheza kwa ngoma, kayamba za chuma na fimbo ndefu za sala. Sehemu ya pili ni ya wanaopokea komunyo. Katikati kabisa kuna chumba cha pembe nne kiitwacho maqdas, kinachohifadhi taboti, ambalo ni mfano wa Sanduku la Agano. Maqdas huingiwa na makuhani na mashemasi peke yao. Kuta zake za nje ndizo zilizofunikwa kwa picha kutoka chini hadi juu, na kwenye mbao za milango yake wamechorwa malaika wakubwa wenye panga, macho wazi, wakilinda. Muumini wa kawaida haoni kilicho ndani. Anachokiona ni ukuta. Anauzunguka, na kadiri anavyozunguka ndivyo masimulizi yanavyosonga mbele: kuumbwa kwa ulimwengu, kuzaliwa na mateso ya Yesu, watakatifu wapanda farasi wakiwachoma mikuki maadui, miujiza ya Maria, na humo ndani ya miujiza, Belai.

Ufundi wa picha hizi una jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Mara nyingi mchoraji hakuchora juu ya ukuta wenyewe. Ukuta wa udongo na majani hunyonya maji, hupasuka na kubanduka. Kwa hiyo kitambaa cha pamba kilipakwa na kutayarishwa, kikachorwa, na kubandikwa ukutani kwa gundi vipande kwa vipande. Anayetazama kwa karibu huona maungio ya vitambaa yakipita katikati ya joho la mtakatifu, na pembeni, mahali gundi ilipochoka, nyuzi zimechomoza. Mchoraji alianza kwa mistari, akajaza rangi bapa, kisha akarudia mistari myeusi iliyo minene na yenye uhakika. Rangi za zamani zilitokana na udongo, mimea na madini. Katika karne ya 19 zikaongezeka rangi za viwandani zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka nje, na ndizo zilizozipa kuta za Ziwa Tana buluu kali na nyekundu ambazo bado zinawaka hata penye mwanga hafifu. Wachoraji walikuwa watu wa kanisa, wengi wao madebtera, na kazi nyingi hazina jina la aliyezifanya. Aliyelipia gharama, kinyume chake, huonekana mara kwa mara: amelala kifudifudi chini ya miguu ya Maria, na jina lake limeandikwa.

Kanuni ya macho ndiyo ya kwanza kujifunza. Katika picha za Ethiopia, watu wema huchorwa uso mzima ukimwelekea mtazamaji, macho yote mawili yakionekana. Waovu, mashetani na watesi wa Yesu huchorwa kwa upande, jicho moja tu likionekana. Kwa kanuni hiyo hata mtoto anaweza kuusoma ukuta mzima bila kuuliza nani ni nani. Uzuri wake ni kwamba mtakatifu humtazama anayemtazama, na mwovu hawezi kukutana naye macho kwa macho.

Kanuni ya pili inahusu mwanga, na hapa ndipo kisa cha Belai kilipomtia mchoraji kwenye mtihani. Picha hizi hazina vivuli. Watu husimama kwenye mwanga ulio sawa pande zote, bila jua kutoka upande wowote, na miguu yao haitupi giza juu ya ardhi. Lakini hekaya inasema Belai aliokolewa na kivuli. Mchoraji alipaswa kuchora kitu ambacho sanaa yake haina. Akapata njia: akamsogeza Maria karibu kabisa na mizani, akanyoosha mkono wake au vazi lake juu ya kitanga cha maji. Mtazamaji aliyekwisha kusikia kisa anajua kwamba mkono ule ndio kivuli. Wala Maria haigusi mizani kwa nguvu, wala hapokonyi kitu mikononi mwa shetani. Amekaribia tu, na kukaribia kwake kukatosha.

Kilichowekwa kwenye kitanga kingine kinastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Mchoraji angeweza kuziweka dhambi za Belai kama mzigo mweusi au gunia lisilo na sura. Hekaya haimpi ruhusa hiyo, kwa kuwa kinachopimwa ni watu wenyewe, 78, mke na mtoto wakiwa miongoni mwao. Hili ndilo jambo linaloinua picha hii juu ya mahubiri ya kawaida ya msamaha. Rehema inayochorwa hapa haiwafichi waliokufa. Wako pale, mbele ya hakimu na mbele ya kila anayeingia kanisani, na maji yale hayakufika kwao hata tone. Aliyeyanywa ni mtu mwingine kabisa, maskini asiye na uhusiano nao. Mkristo aliyezoea kusikia kwamba dhambi hufutwa atasumbuliwa na picha hii, na ni vizuri asumbuliwe. Mchoraji ameamini rehema bila kudanganya juu ya gharama yake.

Watu wa karne ya 19 kaskazini mwa Ethiopia walikuwa na sababu nyingi za kulitazama jambo hilo kwa makini. Nusu ya kwanza ya karne ilikuwa sehemu ya kile kipindi kirefu cha vita vya wakuu wa majimbo, kilichoanza 1769 na kwisha 1855 Tewodros wa Pili alipotawazwa kuwa mfalme. Tewodros mwenyewe aliupora mji wa Gondar mwaka 1866 pamoja na makanisa yake, na alijiua Maqdala Aprili 1868 jeshi la Waingereza lilipoivamia ngome yake. Januari 1888 majeshi ya wafuasi wa Mahdi kutoka Sudan yaliingia Gondar na kuyachoma makanisa mengi. Kanisa la Debre Berhan Selassie, maarufu kwa dari lake lililojaa nyuso za malaika, lilisalimika. Wenyeji husema lililindwa na kundi la nyuki.

Kisha ikaja njaa. Mwaka 1887 ng'ombe walioletwa na Waitalia kupitia bandari ya Massawa waliingiza sotoka. Ng'ombe wa kulimia wakafa, mashamba yakabaki bila kulimwa, mvua zikashindwa, nzige na viwavi wakamaliza kilichobaki. Kuanzia 1888 hadi 1892 Waethiopia walipitia kipindi wanachokikumbuka kwa jina la Siku Mbaya, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba theluthi moja ya watu ilikufa. Wasafiri na waandishi wa wakati ule walitaja visa vya watu waliokula nyama ya binadamu kwa njaa. Aliyenusurika akaingia kanisani na kumwona Belai ukutani, hakuwa akitazama zimwi la zamani za kale. Alikuwa akitazama jambo lililosemwa kuhusu watu wa vijiji vya jirani, na pengine kuhusu watu aliowajua.

Sotoka hiyohiyo haikuishia Ethiopia. Ilishuka kusini, na kufikia 1890 na 1891 ilikuwa imeingia nyika za Wamaasai, kuanzia Bonde la Ufa hadi tambarare zinazouzunguka Meru na Kilimanjaro. Mifugo iliangamia, ndui ikafuata, na Wamaasai wakauita wakati huo Emutai. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliandika juu ya makundi ya Wamaasai waliobaki mifupa, wakizunguka kambi kutafuta chochote cha kutia tumboni. Wengi walikimbilia kwa majirani wenye mashamba, Waarusha wa miteremko ya Meru wakiwemo, wakapokewa katika kaya zao. Ni ugonjwa mmoja uliotoka bandari moja, ukaua ng'ombe wa Ethiopia na ng'ombe wa Arusha katika muda wa miaka minne. Sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011.

Wamaasai na Waarusha hawakuwa na kuta za kuchora, lakini walikuwa na hekaya yao ya kifo, ile ya Leeyio, inayosimuliwa katika jamii zinazozungumza Kimaa. Naiteru-kop, mmoja wa miungu ya hekaya hizo, alimwambia Leeyio kwamba mtoto akifa, mwili unapotupwa aseme mtu afe na kurudi, na mwezi ufe usirudi. Mtoto wa kwanza kufa hakuwa wa Leeyio. Kwa kuwa hakuwa wake, akayageuza maneno: mtu afe asirudi, mwezi ufe na kurudi. Baadaye akafiwa na mtoto wake mwenyewe. Akaenda kuyasema maneno kwa usahihi, akaambiwa amechelewa, kwani aliyaharibu kwa mtoto wa kwanza. Ndiyo maana mwezi hufa na kurudi kila mara, na binadamu harudi. Hekaya hii iliandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake juu ya Wamaasai kilichotoka mwaka 1905.

Belai na Leeyio wanastahili kuwekwa pamoja, ingawa hekaya zao zimetoka katika imani tofauti. Leeyio alipoteza uzima wa watu wote kwa sababu alimwona mtoto wa mwenzake kuwa si wake. Belai, aliyemla hata mtoto wake wa kumzaa, aliokolewa na tendo moja alilomfanyia mtu asiye wake. Hekaya ya Wamaasai inaeleza kifo kilivyokuja. Ya Ziwa Tana haijishughulishi na chanzo hicho. Inaanza pale mtu anapokufa na kuuliza atabeba nini. Lakini zote mbili zinakiweka kipimo mahali pamoja, kwa mgeni na kwa mtoto wa jirani.

Mizani ya wafu ni wazo lililosafiri sana. Wamisri wa kale waliupima moyo wa marehemu dhidi ya unyoya wa Maat, na mfano mashuhuri ni mafunjo ya Ani ya karne ya 13 kabla ya Kristo, yaliyoko British Museum mjini London. Waislamu wa pwani yetu na wa bara wanaijua mizani ya Kiyama tangu madrasa. Huko Beaune, Ufaransa, Rogier van der Weyden alimchora Malaika Mikaeli akiwa na mizani katika picha ya Hukumu ya Mwisho ya katikati ya karne ya 15, iliyotengenezwa kwa ajili ya hospitali, mahali wagonjwa walipoweza kuitazama. Wachoraji wa Ethiopia nao hawakuwa wamejifungia. Katika karne ya 17 michoro iliyochapishwa Roma katika Injili ya Kiarabu ya 1590 na 1591 iliwafikia, wakaichukua, wakaibadilisha kwa mkono wao. Waliopokea vya wageni walivipa sura za nyumbani. Kufikia karne ya 19 askari kwenye kuta hizo wanavaa nguo za wakati ule na kushika bunduki.

Ulaya ya karne hiyohiyo ilikuwa na picha yake kubwa ya kifo, Kisiwa cha Wafu ya Mswisi Arnold Böcklin, aliyeichora mara tano kati ya 1880 na 1886. Mashua ndogo inakikaribia kisiwa cha miamba, ndani yake mtu amesimama, amevaa nyeupe, mbele yake jeneza. Hakuna hakimu wala mizani, hakuna anayemsemea marehemu. Picha hiyo inapendeza na inatia huzuni, lakini haimwombi mtazamaji chochote. Ziwa Tana lina kisiwa cha wafu cha kweli: Daga Istifanos, mahali inapohifadhiwa miili ya wafalme kadhaa wa Ethiopia, pamoja na Zara Yaqob, yule aliyeamuru miujiza ya Maria isomwe. Wafalme hao wako kwenye majeneza ya kioo, na watawa wanasali pembeni yao kila siku.

Picha za kitambaa ni dhaifu, na zimepatwa na mengi. Unyevu wa ziwa huzibandua, popo na mchwa huziharibu, na mahali pengine ukarabati umefanywa kwa rangi za dukani zilizofunika kazi ya mwanzo. Kitambaa kilichobandikwa kinaweza pia kubanduliwa na mwenye nia nyingine. Mwaka 1932 msafara wa Wafaransa ulioongozwa na Marcel Griaule, uliovuka Afrika kutoka Dakar hadi Djibouti, ulizing'oa picha za kanisa la Abba Antonios, Gondar, picha za kabla ya karne ya 19, na kuweka nakala mpya mahali pake. Zile za asili ziko Paris hadi leo, katika makumbusho ya Quai Branly. Hakuna maelezo ya kitaalamu yanayotosha kuhalalisha kitendo hicho. Picha iliyotengenezwa ili izungukwe na watu wanaosali, huku kisa chake kikisomwa kwa sauti, ikiwekwa kwenye ukumbi mweupe inabaki na rangi zake tu.

Zege bado ina picha zake mahali zilipobandikwa. Mwaka 2015 Ziwa Tana liliingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi za bayosfia, hatua inayosaidia msitu unaoyazunguka makanisa, ingawa kitambaa chenyewe kinahitaji mafundi, paa lisilovuja na fedha. Msafiri kutoka Arusha anaweza kuruka hadi Addis Ababa, kisha Bahir Dar. Kanisani atavua viatu, na akiwa na kamera azime mwanga wake, maana mwanga huo hufifisha rangi. Asikimbilie Belai. Aanze kwenye mlango na kuuzunguka ukuta hadi amfikie, kama wafanyavyo wenyeji. Wakati mzuri kuliko wote ni sikukuu ya Agano la Rehema, tarehe 16 ya mwezi wa Yekatit, ambayo kwa kalenda yetu huangukia Februari 23, na Februari 24 katika mwaka unaofuata mwaka mrefu wa Kiethiopia.